Land Rover 109 Pemba: kutu ya bahari, namba za beringi na spea zinapopatikana

Nianze na kutu, manake wengi wakinipigia simu kuhusu Land Rover wanataka kujua spea nazipata wapi, na mie nawajibu yakhe spea zipo, hebu kwanza niambie chesisi ya gari yako ikoje. Gari ninayoizungumzia hapa ni Land Rover 109 Series III ya dizeli, ile ndefu ya turubai, nimeinunua kwa mzee mmoja wa Konde aliekuwa akibebea karafuu na mie mpaka leo naifanyia kazi ileile, msimu wa karafuu inapanda shamba kuteremsha magunia na wachumaji, msimu ukiisha inabeba muhogo, ndizi, matofali, mara nyengine mwani kutoka pwani za Micheweni. Ni gari ya kazi, na ikilala nyumbani siku mbili tatu watu wanakuja kuuliza kuna nini.

Sasa hizi gari bodi yake ni bati la alumini na chesisi yake ni chuma. Walipoanza kuzitengeneza Uingereza mwaka 1948 vita vikuu vya pili vilikuwa ndo vimemalizika, chuma kilikuwa cha mgao, alumini ilikuwepo, ndo wakaifanya bodi ya alumini na mtindo ukabaki hivohivo miaka yote. Watu wanaona bodi haishiki kutu nyekundu wanadhani gari haiozi. Inaoza, tena huku kwetu visiwani inaoza kwa kasi kuliko bara, kwa sababu alumini na chuma vikigusana na katikati pakaingia maji ya chumvi inakuwa umeshatengeneza betri, na katika betri hiyo anaeliwa ni alumini. Utaona rangi imefura, ukiikwangua unatoka unga mweupe, ukibonyeza na bisibisi inapenya. Wenye boti wanalijua hili vizuri sana, mashine ya boti kule chini inapozama majini imefungwa kipande cha zinki na kazi ya kile kipande ni kuliwa yeye ili mashine isiliwe, kikiisha unanunua chengine. Land Rover haikufungwa zinki yoyote, kwahivo linaloliwa ni bodi lenyewe.

Pa kutazama kwanza ni pale bodi la nyuma linapokalia chuma cha chesisi, afu chini ya milango, manake mlango wa Land Rover kwa nje ni alumini lakini fremu yake ya ndani ni chuma, afu ule ukuta wa mbele ulioshika dashibodi na vioo, ule wote ni chuma na unaoza kuanzia pale unapoweka miguu. Mie nilichofanya nimefungua bodi la nyuma zima, tumelibeba vijana wa mtaani tukaliweka kwenye matofali, nikapiga msasa na brashi ya waya pande zote mbili, rangi ya msingi kwenye chuma na kwenye alumini pia, na kila penye bolti nimeweka washa ya plastiki nilizokata kutoka kwenye madumu ya mafuta ya kupikia. Plastiki ya dumu ni ngumu, hainywi maji, na inatenganisha vile vyuma viwili visigusane, na dumu moja linatoa washa nyingi sana. Bolti nikazichovya kwenye grisi kabla ya kukaza.

Na hapa nataka kusema jambo kwa nguvu kabisa: bolti za stenlesi msitie kwenye bodi la alumini. Najua zinapendeza, zinang'ara, na muuzaji atakwambia hizi hazishiki kutu milele, na kweli zenyewe hazishiki, lakini zinaifanya alumini iliyozizunguka iliwe zaidi kuliko ingefungwa bolti ya kawaida. Nimeiona gari moja Wete bolti zote zinang'ara na kila bolti imezungukwa na tundu kubwa kuliko kichwa chake. Chukua bolti zilizochovywa zinki, zile za kijivujivu, bei yake ndogo na zinakaa.

Chesisi sasa. Hii ni boksi, vipande vinne vya bati vimechomelewa pamoja vikawa mrija wa pembe nne, na ndani ni tupu, kwahivo udongo na maji vinaingia ndani humo na kazi ya kuoza inafanyika kwa ndani wakati nje bado rangi ipo. Huwezi kuipima kwa macho. Fundi wangu anaipima kwa nyundo ndogo, anajilaza chini na anagonga taratibu kuanzia mbele kwenye mashikio ya springi mpaka nyuma, hasemi kitu, anasikiliza tu, pazima panalia ngaa ngaa, afu ghafla inaingia pu, anarudi nyuma kidogo anagonga tena ngaa, anasogea pu, anachora msitari na chaki. Akimaliza chaki inakuonyesha pote panapotaka kukatwa. Baada ya hapo tunakata mpaka tukute chuma king'avu, hatupachiki kiraka juu ya kutu, na kiraka chenyewe tunaweka bati la milimita 3. Kuna mafundi wanachomelea juu ya kutu wakapaka lami usiku uleule na gari ikauzwa, hao sitawasema lakini ukinunua gari yenye chesisi iliyopakwa lami mpya mbichi basi chukua nyundo.

Kabla ya kuchomelea fungua waya za betri na za alteneta, na tangi la mafuta litoe kabisa kwenye gari, manake kwenye hizi la kawaida liko chini ya siti ya mbele, karibu kabisa na chesisi. Msifanye haraka na hili.

Ikishatengenezwa, kila mwaka kabla ya masika napuliza oili ndani ya chesisi kwa bomba lile la kupulizia dawa mimea, kuna matundu pembeni unaingiza mpira mpaka ndani, na yale matundu ya chini ya kutolea maji uyazibue kwa waya kwanza manake udongo wa kinongo wa huku ukikauka ndani unakuwa simenti. Fanya kazi hii mbali na kisima, weka mabati au maturubai chini, na usipulizie mipira ya bushi za springi kwa sababu oili inaila. Na nikitoka kubeba mwani siku hiyohiyo naosha chini kwa maji baridi ya kisima, yasiyo na chumvi, hata ikiwa usiku, hata nikiwa nimechoka vipi.

Haya, spea.

Kosa ninaloliona kwa vijana wengi ni kwenda dukani kutaja jina la gari. Ukitaja Land Rover duka lolote la Chake Chake au la mjini Unguja jibu ni hakuna, na wanasema kweli, hawaweki spea za Land Rover, wanaweka za Vitz, Noah, Kirikuu na HiAce kwa sababu ndo zilizojaa barabarani. Lakini gari hii imejaa vitu ambavyo si vya Land Rover peke yake. Niliwahi kuingia duka moja Chake, mwenye duka mtu mzima, nikamwambia,

"Shikamoo ami. Una beringi ya alteneta ya Land Rover?"

"Marahaba. Land Rover? Mwanangu hiyo hapa huipati, labda Dar."

Nikamtolea ile mbovu mfukoni. Akaipangusa grisi kwa kidole gumba, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akavua miwani akaisoma kwa macho matupu, afu akanyoosha mkono kwenye shelfu la nyuma yake akashusha kiboksi.

"Si ungesema namba. Hii ndo inayofungwa kwenye mashine za kusaga."

Beringi ina namba yake imepigwa pembeni kwenye ringi, na namba hiyo ni moja dunia nzima. Ukiona 6205 basi tundu lake ni milimita 25, nje 52, unene 15, iwe imetoka kwenye mashine ya kusaga sembe, pampu ya maji au gari, iwe imetengenezwa Japani au Ujerumani. Kwahivo beringi kuukuu usiitupe, isafishe uisome, andika namba kwenye daftari, na usiandike kwenye simu tu manake simu inapotea. Mie nna daftari la gari hii, kila kitu nilichokifungua kimeandikwa humo na kipimo chake.

Filta ya dizeli ni mfano mwengine. Injini hii ya dizeli ya 2.25 inatumia filta ya CAV, ile namba 296, na hiyo ndo ileile ya matrekta ya Massey Ferguson. Kwahivo nenda kwa wauza spea za matrekta, utaipata kwa bei ya trekta. Hata pampu yake ya dizeli, CAV DPA, ni jamii ya zile zilizofungwa kwenye matrekta, kwahivo fundi wa pampu aliezoea trekta anaijua ukimwekea mezani, hahitaji kuwa fundi wa Land Rover. Fanibelti unapima urefu na upana, kros za propela unapima kikombe na urefu wa kutoka ncha hadi ncha, hosi paipu za rejeta unachukua ile mbovu mkononi unaenda kulinganisha na za magari mengine mpaka uone yenye kona inayofanana, unakata inapozidi.

Zinazosumbua ni sili, zile ringi za mpira za kuzuia oili isivuje, kwa sababu vipimo vya gari hii vingi ni vya inchi na sili zilizojaa madukani ni za milimita. Ukilazimisha ya milimita inayokaribia inaingia, inakaa wiki, afu difu inaanza kutema oili kwenye breki. Sili hizo agiza zenyewe hasa.

Na hilo la inchi linaingia mpaka kwenye spana. Nati nyingi za hii gari ni nusu inchi, na nusu inchi ni milimita 12.7, sasa fundi kijana ana seti ya milimita tu, anachukua 13, inaingia, inacheza kidogo, anakaza, kona za nati zinaondoka, na nati imeshashika kutu miaka arubaini, hapo ndo unaingia kwenye patasi na gesi. Robo tatu ya inchi haina tabu, 19 inakaa vizuri kabisa, lakini 12.7 na 13 si kitu kimoja. Nunueni seti moja ya spana za inchi hata ya mtumba mkaiweka kwenye gari, fundi yeyote atakaekuja kuifungua umpe hizo. Na kwenye gia boksi mna nyuzi za zamani za Kiingereza ambazo hazilingani na bolti yoyote ya dukani, kwahivo bolti za gia boksi zitie kwenye kopo lake peke yake, usizichanganye, ikipotea moja utakwenda kuchongesha.

Kilichokosekana Pemba na Unguja kinatoka Dar. Kariakoo upande wa Gerezani bado kuna wazee wenye spea za Land Rover, nyengine zimefunguliwa kwenye gari zilizokatwa, na Arusha ndo zaidi kwa sababu ya gari za watalii, kule Land Rover hazikuacha kufanya kazi, mpaka Oktoba 2024 walifanya tamasha lao la Land Rover. Mie natuma picha kwa wasap, lakini picha ya kitu peke yake haisaidii, weka pembeni yake tepu ya kupimia iliyofunguliwa na piga pande tatu. Pia tuma namba ya chesisi. Imepigwa kwenye chuma chenyewe mbele upande wa kulia karibu na shikio la springi, futa udongo utaiona. Mwishoni mwa namba za injini na gia boksi kuna herufi, A, B, C, hiyo herufi usiidharau, maana yake fekta walibadilisha kitu na spea ya A inaweza isikubali kwenye C. Nimeshaletewa kitu na boti mpaka bandari ya Mkoani, nikalipa nauli ya mzigo, kufungua nakuta ni cha herufi nyengine, na muuzaji simu hapokei. Toka siku hiyo pesa natoa nusu, nusu nyengine baada ya kukipima. Wakweli wanakubali.

Gasketi nyingi hazina haja ya kuagizwa. Ukiondoa ya silinda hedi, ambayo hiyo lazima ununue nzima, hizi za wota pampu, za kifuniko cha taimingi, za difu, fundi anakata mwenyewe kwenye karatasi ya gasketi. Analiweka karatasi juu ya chuma, anaanza na tundu moja la bolti analitoboa na kuingiza bolti isicheze, afu kwa kichwa cha mviringo cha nyundo anagonga kidogokidogo kuzunguka ukingo, ukingo wenyewe wa chuma ndo unaokata karatasi. Dakika chache anakunyanyulia gasketi imekaa barabara. Ukiona fundi anapaka gundi nyekundu kila mahali badala ya kukata gasketi mwambie asubiri, manake gundi iliyozidi inaingia ndani na kuziba njia za oili.

Breki sifanyi ujanja wowote. Hizi 109 mbele kila gurudumu lina wili silinda mbili, kwahivo mbele peke yake ni nne, na hewa ya chumvi inazigandisha pistoni ndani. Ukikuta silinda ina vishimo vya kutu usinunue mipira peke yake ukaitia, itavuja tena, nunua silinda nzima mpya, na nunua jozi ya kushoto na kulia pamoja. Mafuta ya breki yawe mafuta ya breki, oili ya injini ikiingia humo hata kidogo mipira yote inafura na gari inashika breki yenyewe barabarani. Milima yetu ya huku, ukiteremka na magunia ya karafuu na watu juu yake, hakuna nafasi ya kujaribu. Spea nyengine mie nanunua za mtumba, nachongesha, naazima, breki natia mpya na nalala usingizi.

Tapeti, yaani kurekebisha nafasi ya valvu, ni kazi ambayo kila mwenye gari hii aijue mwenyewe, haihitaji fundi. Valvu ziko nane, na kipimo ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25. Hesabu yake ni ya tisa: zungusha injini mpaka valvu ya 8 ibonyee mwisho, hapo rekebisha ya 1, ikibonyea ya 6 rekebisha ya 3, ya 5 unarekebisha 4, ya 2 unarekebisha 7, na kurudi hivohivo, siku zote jumla ni tisa. Mwanangu wa skuli ya msingi anaijua, anasimama na fila geji, kile kibati cha kupimia nafasi, ananiitia namba. Na hita plagi, zinazopasha moto injini kabla ya kuwaka, zile za asili zimefungwa kwa kufuatana, ikifa moja zote nne haziwaki, kwahivo kabla ya kulaumu pampu pima hita plagi moja moja.

Sasa suala la kubadilisha injini, ambalo kila nikisimama njiani mtu ananiuliza mbona hutii 3L ya HiAce. Siwalaumu waliofanya, 3L ni injini nzuri, spea zake ziko kila duka, na kama injini yako imepasuka bloku na huna pesa ya kuagiza basi tia. Lakini jueni kuwa gia boksi na hafu shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu) za hizi Series zilipimwa kwa injini ya nguvu za farasi 60 na kitu, 3L inakaribia 90, kwahivo ukiitia guu la mafuta uwe na adabu nalo. Lazima pia uchongeshe pleti ya kuunganisha injini na gia boksi na ikae katikati sawasawa, ikipinda kidogo beringi ya gia boksi inakufa haraka na utasema Land Rover mbovu. Yangu bado inawaka asubuhi, inapanda Konde na mzigo kwa gia ya pili taratibu, mie sioni sababu ya kuitoa.

Kilichobaki kwangu ni hiyo gia ya pili, inaruka ukiachia mafuta kwenye mteremko, na fundi ameshaniambia ni bushi ya kwenye meinshafti, ile shafti kuu ya gia boksi, imekwisha. Inafunguliwa karafuu zikimalizika kuanikwa. Aliekuwa na gia boksi ya Series III imekaa uani, Unguja au Pemba, hata kama imeua gia, aniandikie herufi ya mwisho ya namba yake na anipigie picha meinshafti pamoja na tepu pembeni. Nauli ya kuifuata nalipa mie.